"More Cleaner" Ukutani kwa Dobi

Fundi wa mabango alikuwa na mwandiko wa kupendeza, ila Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Siku moja aliandika ukutani kwa dobi, kwa rangi nyekundu: "We wash more cleaner." Shemeji yake, mwalimu, alipita akacheka mpaka wapita njia wakasimama.

"Dada yangu kaolewa na mbumbumbu! 'Clean' ni neno fupi, unaliongezea '-er' mwishoni, basi. 'More' ni la maneno marefu, kama 'more carefully'. Huwezi kuyatia yote mawili!"

"Umemaliza?" fundi aliuliza.

"Bado. Futa upesi, unatuaibisha."

Fundi alifuta "more", akabakiza "cleaner". Kosa lilikuwa lake kweli, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Mwezi uliofuata mwalimu alimfuata aandike jina la shule getini.

"Tafuta mwenye akili," fundi alimjibu bila kushuka ngazini.

Mkewe, dada wa mwalimu, alimsihi mara tatu, akakataa katakata. Mwalimu aliliandika geti mwenyewe, herufi zikalala upande kama walevi. Mpaka leo hawasalimiani.