Milioni Moja na Tatu

Nikinusa turubai lililoloa mvua, hata leo nikiwa mtu mzima mwenye nyumba ya mabati, narudi pale kwenye tuta la barabara karibu na Garsen, mwaka ule Mto Tana ulipofurika ukatufukuza mashambani. Sisi Wapokomo tulitoka na vyungu, Waorma wakatoka na ng'ombe wachache waliosalia, tukabanana sote mahali pamoja pakavu.

Maji yalifika karibu na mahema, na ndani yake mlikuwa na mamba. Kaka wa rafiki yangu wa Kiorma, Halima, aliingia kuvuta ndama akachukuliwa. Na niwaambie ukweli, hata baada ya hapo mimi nilitaka kwenda kuogelea. Joto la hema lilikuwa halisemeki.

Siku hizo Mwalimu Jillo, aliyetufundisha kijijini, aliandika kwa mkaa juu ya mlango uliookolewa mafurikoni: 1,000,003. Atakayepata namba ya kuigawanya bila kubakisha kitu, mbali na moja na yenyewe, angepewa mwavuli mwekundu, mpya, ungali ndani ya nailoni. Niliutamani mwavuli ule hadi nikauota.

Tukakaa mchangani na vijiti, tukigawanya. Saba ikabakisha nne. Kumi na moja, nne. Kumi na tatu, nne tena! Nikaingiwa na shaka. Nne ile ile kila mara, nani kaitia humo? Nikamwambia Halima mwalimu huyu ana hila, hataki kutoa mwavuli wake.

"Sasa tujaribu kumi na saba," akasema, hata kichwa hakuinua.

Basi nikaanza kumshuku na yeye. Kila nilipoinuka kuelekea majini, alinivuta gauni na kunitajia namba nyingine. Mara moja nilimkuta akinong'ona na mwalimu, wakanyamaza waliponiona. Nikasema moyoni, huyu jibu analo, anangoja nizubae auchukue mwavuli peke yake. Tulilala mkeka mmoja nikiwa nimempa mgongo.

Maji yalipopungua, mwalimu alimpa mwavuli mama yake Halima, na jibu hakuna aliyelitoa. Nililia kwa hasira. Si nilisema!

Nikiwa sekondari ndipo nilipofundishwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na zenyewe, nikagundua milioni moja na tatu ni mojawapo. Nilicheka kwanza. Likizo ilipofika nikamfuata Halima sokoni Garsen, anakouza maziwa, nikamwuliza kama alijua.

"Nilijua siku ya kwanza," akasema huku akifuta kibuyu. "Mwalimu aliniambia hiyo haigawanyiki. Lakini wewe ulikuwa unaangalia maji tu. Mimi ndugu yangu alikuwa ameshaenda. Ningefanya nini? Nikakutafutia namba."

Machozi yakanitoka mbele ya wateja wake. Sikuwa nimekosea kumshuku, maana kweli alinificha jambo. Alikuwa akinichunga nisiliwe.