Wimbi Ndani ya Bunduki

Mume wangu Muzafaru hajui kukaa chini. Hapa Burumba anatengeneza baiskeli na cherehani akiwa wima, hata chai anakunywa akizunguka. Mwaka wa 1964 mzee Bwire alimletea kutoka Matayos bunduki kuukuu ya kufukuzia nyani, ile yenye mkono wa kuvuta chini ya mtutu. Ukivuta, risasi haipandi.

“Iko na risasi?” Muzafaru akauliza.

“Haina kitu, fundi. Si nakwambia haitoi!”

Basi akavuta, akarudisha, akagonga kitako kwenye jiwe. Akachungulia mtutuni kwa jicho moja huku akiitukana springi. Nilimwambia aifungue kwanza. Nani husikiliza mwanamke!

Mwishowe akafungua kifuniko cha bomba la kuwekea risasi, lile la chini ya mtutu. Punje za wimbi zikamwagika miguuni pake, kuku wakazikimbilia.

“Naificha kwenye ghala la wimbi, wezi wasiione,” mzee akasema.

Muzafaru akaitikisa tena. Pamoja na wimbi ikaanguka risasi moja nzima, nyekundu, ikabingirika mpaka kwenye kiatu chake.

Mzee Bwire akaiokota kwa furaha. “Kumbe ilikuwa humu!”

Muzafaru akavuta kigoda changu, akakaa.