Kichwa Nusu

Pale mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Vidole. Ukikaa kusukwa, hujamaliza kusimulia vituko vya shemeji yako, kichwa kimeisha. Kwa vidole hivyo hivyo alisomesha wadogo zake wote, na shukrani aliyoipata ni kuambiwa saluni yake ina joto. Mwanamke wa shoka yule, nasema mapema nisije nikasahau.

Ugonjwa ulipoingia, watu wakatafuta wa kumlaumu, na wanafunzi wa kigeni wa pale chuoni ndio waliokuwa karibu. Wakipita, watu wanahama upande wa barabara. Dukani chenji yao inarushwa mezani. Vidole yeye aliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, akasema atakayenawa na kuvaa barakoa ataketi, basi.

Siku moja alikuwa anamsuka jirani yake mwenye duka la nguo, ambaye kwa umbea wake walimwita Redio. Upande mmoja ulishaisha. Akaingia binti wa chuo, mgeni, amenawa hadi viwiko, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna nafasi. Redio alitoka kitini kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Vidole, chagua," alisema. "Yeye au sisi. Akiketi hapa, mtaa mzima utajua leo hii."

Na kweli ungejua. Redio akisema mahali hapafai, hapakanyagwi tena. Vidole aliiona akilini saluni yake imefungwa kabisa. Lakini alikivuta kile kiti, akakifuta.

"Keti, mwanangu."

Redio akatoka na kichwa nusu, jamani, huku kimesukwa, huku nywele timtim. Alizunguka saluni zote za jirani, na kila msusi alimwambia hamalizii kazi ya mwenzake. Akarudi amejitanda mtandio hadi puani, akasimama mlangoni. Vidole, bila kugeuka, akamwambia asubiri zamu yake.

Binti ndiye aliyenyanyuka. Alisema mama amaliziwe kwanza, hawezi kurudi dukani vile. Redio akakaa, amejikunyata. Binti akachukua rasta za kusukia, akawa anazichambua na kumkabidhi Vidole mojamoja, kwa wepesi wa mtu aliyekulia saluni. Vidole akamuuliza nani alimfundisha.

"Mama yangu. Alikuwa msusi," alisema binti. "Ugonjwa huu ulimchukua mwezi uliopita. Sikuweza kwenda kumzika."

Vidole machozi yalimtiririka, wala hakujisumbua kuyafuta, maana mikono ilikuwa kazini. Redio akageuka kumtazama binti, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Pole, mwanangu," alisema. "Huu upande uliobaki, nisuke wewe."

Vidole akampisha binti nafasi, akawa yeye ndiye anayekabidhi rasta.