Mkoba wa Mwalimu Mwanajuma

Mwanajuma Mwinyimadi ana ugonjwa mmoja tu, nao ni kuuliza. Msibani aliwahi kumuuliza mchimba kaburi kwa nini udongo wa juu mweusi na wa chini mwekundu, watu wakamkodolea macho, naye akaendelea kusubiri jibu. Mimi naitwa Eugenia, nafundisha darasa la tatu. Yeye anafundisha la kwanza. Ukuta kati yetu haukufika juu, fedha za matofali ziliishia njiani, kwa hiyo masomo yake yote nayasikia nipende nisipende. Siku nyingine najikuta nafuata somo lake kuliko langu.

Shule yetu iko ndani ndani huko, ukishapita Maneromango, mahali ambapo mvua ikinyesha hata bodaboda wanakataa kwenda. Mwanajuma ni mtoto wa hapo hapo, Mzaramo wa mihogo na mikorosho. Wanafunzi wetu sasa ni mchanganyiko. Wapo Wazaramo, wapo watoto wa wafugaji waliohamia na ng'ombe kutoka kaskazini, wapo na wa kutoka kusini. Ukutani pa ofisi palikuwa na kibao cha rangi nyekundu: HAPA NI KISWAHILI TU. Mwalimu Mkuu wetu, Abednego, alikipenda kibao hicho. Si mtu mbaya Abednego, tusimwonee. Aliamini kwamba mtoto akiacha kilugha getini, Kiswahili kitaingia chenyewe.

Elina aliletwa Januari na baba yake, Mahona, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Asubuhi ile ya kwanza mtoto alipiga goti mbele ya Mwanajuma akamwambia, "Mwangaluka, mayu." Ndiyo shikamoo ya kwao hiyo, na mayu ni mama. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Mkuu, aliyekuwa mlangoni, akamwonyesha kwa kidole kile kibao cha ofisini na kumsomea kwa sauti. Elina akanyamaza. Akanyamaza mpaka mwezi wa saba.

Simaanishi kwamba alikuwa mpole. Namaanisha hakutoa neno. Herufi aliandika vizuri, hesabu alipata, lakini ukimuuliza jina lake anatazama miguu yake. Abednego akaanza kuwa na wasiwasi, na kwa kweli nani asingekuwa nao? Akapata habari kwamba upande wa Kibaha kuna shule ya bweni yenye kitengo cha watoto wenye matatizo ya kusema. Akaomba mtaalamu aje ampime Elina. Mtaalamu akapanga kuja Alhamisi.

Mahona alipoitwa kuelezwa, alisikiliza mpaka mwisho, fimbo yake imesimama katikati ya magoti.

"Mwalimu," alisema, "kama mwanangu ni bubu, Kibaha simpeleki. Akae na mama yake, achunge ndama. Hiyo Alhamisi nitakuja kumchukua."

Alipoondoka, Mwanajuma alinifuata darasani kwangu. Macho yalikuwa mekundu.

"Eugenia, yule mtoto anacheka."

"Watoto wote wanacheka."

"Sikiliza basi! Nikisimulia hadithi ya kuchekesha, anacheka kabla ya wenzake. Anayecheka mapema ameelewa mapema. Sasa kama Kiswahili anakielewa, kwa nini hakisemi? Nani kamkataza?"

Nikamwambia sijui. Akaniambia twende tukaulize. Kwa Mwanajuma swali halilazwi.

Tukaenda Jumatatu baada ya kengele. Bodaboda alituacha penye tope, tukavua viatu. Kabla hatujaifikia nyumba ya Mahona tulisikia sauti ya mtoto nyuma ya zizi, inatiririka, inagomba, inaimba, inagomba tena. Tukachungulia. Alikuwa Elina, anamkemea mbuzi kwa Kisukuma, na mbuzi amejibanza pembeni kabisa. Mwanajuma akanibana mkono mpaka ukauma. Mtoto alipotuona, mdomo ukafungwa.

Tukakaribishwa viti. Mwanajuma alisalimia kwa adabu zote alizofundishwa chuoni: habari za nyumbani baba Elina, poleni na kazi baba Elina, samahani kwa kuwasumbua. Mahona alijibu "nzuri" na "asante", basi. Mazungumzo yalikuwa makavu, nikaanza kuhesabu ndama ili nisisinzie.

Ndipo mama yake Mahona akatoka ndani, bibi mwembamba mwenye macho makali. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akamkazia macho Mwanajuma.

"Wewe ni mtu wa kabila gani?"

"Mzaramo, bibi."

"Mzaramo wa kuzaliwa?"

"Wa kuzaliwa, bibi. Wa hapa hapa."

Bibi alipiga makofi mara moja, akamgeukia mwanawe. "Unasikia? Mzaramo anakuja kumsalimia mwanangu kama anamsalimia mkuu wa wilaya! Mtani gani huyu?" Akainama, akauchukua mkoba wa Mwanajuma uliokuwa chini, akautia kwapani. "Huu wangu. Rudi kwenu."

Ngoja niseme kwa asiyejua. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, bibi na babu zetu waliukuta utani huo. Mtani anakutukana usoni, anakuchukulia kitu chako hadharani, msibani anakuchekesha, na wewe huruhusiwi kununa. Adabu nyingi kwa mtani ni kumwambia kwamba humjui. Mwanajuma analijua hilo kuliko mimi, kwao wanataniana mpaka makaburini. Ila ualimu ulikuwa umemwingia. Alidhani kwa kuwa yeye ni mwalimu na wao ni wageni, heshima ndiyo njia.

Niliona anavyobadilika. Mabega yakashuka, mkono ukaenda kiunoni.

"Nipe mkoba wangu, mla michembe wewe! Umetoka Shinyanga yote hiyo kuja kuiba Kisarawe?"

Mahona akacheka; michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ndicho chakula cha kwao. Mimi nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, akavuta mguu wa kiti cha Mwanajuma kimsogelee. Alipopata pumzi akamrudishia Mwanajuma mkoba, akasema:

"Mimi ndiye nilimwambia mtoto. Siku ile alirudi analia, salamu yake imechekwa. Nikamwambia, huko shuleni usiseme na mtu mpaka umjue ni nani kwako. Wewe ulikuwa hujulikani, mwalimu."

Elina alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu, ila alimtazama Mwanajuma usoni, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Jumanne, juu ya ukuta, nikasikia somo la ajabu. "Kila mmoja aniambie, nyumbani kwenu maji mnayaitaje?" Mmoja akasema maji. Mwingine, kwa woga, akasema mazi, kama bibi yake. Mwanajuma akaandika yote ubaoni, akauliza kwa nini yanafanana, nani kamwiga nani, wakabishana kwa Kiswahili, tena kwa sentensi ndefu ambazo darasa langu la tatu hawanipi. Halafu akasema mwenyewe, "Kwa kina Elina ni minzi. Nimesema vizuri?" Mara watoto wakapiga kelele: "Ametikisa kichwa, madam! Amekubali!"

Nilisimama na chaki mkononi. Mimi ni Mhaya niliyekulia Mlandizi, na niligundua kwamba maji kwa Kihaya siyajui. Jioni nikampigia mama simu kumuuliza. Alicheka, halafu akasema, "Amaizi. Hujawahi kuniuliza."

Jumatano Mwanajuma alijaribu utani. Alikichukua kidumu cha maji cha Elina, akatangaza ni chake kwa kuwa mali ya Msukuma ni ya Mzaramo. Elina akatabasamu. Neno halikutoka. Mwanajuma alikuja kwangu saa ya mapumziko akalia waziwazi, wala hakuuliza chochote, na hapo ndipo mimi nilipoogopa.

Alhamisi mtaalamu alifika, Bwana Adam, kijana mstaarabu mwenye shati la mikono mirefu. Alikaa mbele ya darasa pamoja na Abednego. Nilikuwa nimewapa wangu kazi ya kuandika, nikasimama juu ya dawati, naona kila kitu. Mahona alikuwa amefika, amesimama nje ya dirisha na fimbo yake.

"Unaitwa nani, mwanangu?" Bwana Adam akauliza kwa upole. Kimya. Akamwonyesha picha ya ng'ombe. Kimya. Picha ya jembe. Kimya. Akatoa kalamu mfukoni, akamtazama Abednego, Abednego akainamisha kichwa.

Elina akasimama. Akapita kati ya madawati taratibu, akafika meza ya mwalimu, akauchukua mkoba wa Mwanajuma, akautia kwapani kama alivyofanya bibi yake, akarudi kukaa.

Abednego akainuka. "Wewe mtoto! Rudisha..."

"Mwache, Mwalimu Mkuu," Mwanajuma akasema. Akashika kiuno. "Nipe mkoba wangu, mla michembe!"

Elina akaukumbatia mkoba.

"Sikupi," akasema. "Huu wangu. Wewe Mzaramo nenda kalale chini ya mkorosho, usubiri korosho zidondoke."

Kiswahili safi, hakijakosa hata pa kupumulia. Darasa halikucheka mara moja, wote walishangaa. Halafu mmoja akaanza, na wengine wote wakafuata. Elina naye akacheka. Bwana Adam alirudisha kalamu mfukoni. Abednego alibaki amesimama, na mimi kule juu ya dawati machozi yananitoka na darasa langu linanitazama.

Mwanajuma alikwenda dirishani kwa Mahona. Mahona alimtazama, akamtazama binti yake aliyekuwa bado ameukumbatia mkoba, na uso wake nao ulikuwa umelowa machozi.

"Mtani," alisema, "huo mkoba haurudi."

Akaweka fimbo begani, akashika njia ya nyumbani peke yake.