Nilivyokwenda Kusema Kiingereza kwa Jina la Kibet

Kosa ni langu mimi, jamani. Msimlaumu Kibet, msimlaumu mama yake, wala yule mzungu. Nisikilizeni tu, na mkitaka kucheka, chekeni. Mimi mwenyewe siku hizi nacheka, ingawa kicheko chenyewe kinauma kidogo.

Mimi ni mtu wa kule ziwani, karani katika shamba moja la chai hapa Kericho. Kiingereza nilikipata misheni, na kilinilevya! Nilikuwa nawaamkia wachuma chai kwa Kiingereza, hata wazee wasiojua neno. Misheni walikuwa wamenitaja tayari kwamba mwaka unaofuata nitafanya mtihani wa kwenda chuo kikubwa kule Uganda. Basi kichwa kikavimba!

Kibet ni Mkipsigis wa karibu na Silibwet. Tulifanya kazi ofisi moja, tukala chungu kimoja. Kwa hesabu, huyo ni moto. Yeye alitangulia kushinda mtihani wa kuandika wa chuo hichohicho. Alibakiza kitu kimoja tu: kuketi mbele ya mzungu wa chuo na kuzungumza naye Kiingereza. Hapo ndipo ulimi wake ulipokufa. Kuandika anaandika, lakini mwambie aseme, anatokwa jasho kama mtu aliyebeba gunia.

"Nitaanguka," akaniambia.

"Huanguki. Nitakwenda mimi, nitasema ndimi Kibet."

"Wewe? Mjaluo mzima?"

"Mzungu anajua nini? Kwake sisi sote sura moja."

Lo, kiburi gani hicho! Hakuniomba, nawaambia kweli. Alikataa, akakataa tena, mpaka nikamwita mwoga. Ndipo akakubali.

Nikaenda. Nikamkuta mzungu mzee, mpole, anasikiliza huku amefumba macho. Akaniuliza jani la chai linakwendaje kutoka shambani mpaka kikombeni. Ewe! Nilimweleza kwa madaha, nikapamba, nikazungusha. Mzee akatikisa kichwa kwa raha.

"Vizuri sana, Kibet!" akasema. "Jumamosi napita Silibwet. Nitafika kwenu nimpe mama yako mkono wa hongera."

Nikamshukuru, nikatoka mbio kumtafuta Kibet.

Tungefanya nini? Jumamosi tukawahi nyumbani kwa kina Kibet. Baba yake alikwisha kufariki, kwa hiyo tulikuwa na mama tu wa kumpanga. Kibet akamwambia, "Mama, leo huyu ndiye mimi. Mimi ni mtu wa kumimina chai." Mama akatukazia macho, hakujibu kitu. Tukadhani amekubali. Wajinga sisi!

Motokaa ikafika. Mzungu akashuka, akaanza kuongea Kikipsigis kama mtu aliyezaliwa pale! Kumbe ameishi na watu wale tangu ujana wake. Akanigeukia, "Chamgei!" Salamu hiyo naijua, nikaitikia kwa nguvu. Akaniuliza jambo refu. Nikajibu, "Chamgei!" Akauliza lingine, sauti imepoa sasa. Sikuwa na kingine. "Chamgei," nikasema, halafu nikatabasamu.

Tabasamu ndilo lililonimaliza. Meno yangu sita ya chini yaling'olewa utotoni, kama desturi ya kwetu.

"Wakipsigis hung'oa mawili," akasema mzungu polepole, kwa Kiswahili. "Siku ile nilifumba macho. Leo nimeyafumbua." Akamgeukia mama. "Mama, huyu ni mtoto wako?"

Kibet ameshika birika, anamimina chai mpaka kikombe kinafurika.

Mama akajibu kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie. "Huyu hapana mtoto yangu. Mtoto yangu ni ile nashika birika. Mimi nazaa yeye na uchungu. Hapana weza kataa yeye mbele ya mgeni!"

Akamvuta Kibet mkono, akamweka mbele ya mzungu. Nilitamani ardhi inimeze. Tulikuwa tumemtaka mama wa watu amkane mwanawe, na hata hatukuliona hilo!

Nikasema yote. Nikasema ni mimi niliyemsukuma Kibet. Mzungu alikasirika, uso ukawa mwekundu kama pilipili. Mama akamletea mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu; mzungu akanywa, akapoa. Kisha akahukumu: Kibet ajaribiwe upya baada ya miezi kadhaa, kwa mdomo wake mwenyewe. Na mimi? Nisahau chuo. Jina langu likaondolewa kwenye orodha ya misheni wiki ileile.

Nililia, sifichi. Lakini Kibet hakuniacha, nami nikaona aibu kumwacha. Kila jioni tukitoka ofisini, tulitembea katikati ya michai, hakiruhusiwi Kiswahili! Aliwahutubia ng'ombe kwa Kiingereza. Alibishana na miti. Wachuma chai walisema amerogwa.

Siku ya mtihani mzungu akamwambia, "Nieleze jambo la aibu ulilowahi kufanya." Kibet akamweleza habari ya birika, kwa kigugumizi, mwanzo mpaka mwisho. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi, akampitisha!

Tulimsindikiza stesheni ya Fort Ternan, mimi na mama yake. Gari la moshi lilipoondoka, alitoa kichwa dirishani akatupigia kelele za Kiingereza, na sarufi yote imepinda! Nikafungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Nikapunga mkono tu.

Nyinyi vijana mnaosoma haya, mwenzako akiwa na ulimi mzito, kaa naye, mfundishe, mvumilie. Usiende kusema badala yake! Mimi bado niko ofisini hapa, naandika uzani wa chai, na Kiingereza changu kizuri hakina pa kwenda.