Picha ya Kyakimwa Juu ya Ukuta wa Xi'an

Kyakimwa nilimjulia kwenye masufuria. Sisi akina mama wa Kiafrika wa huku magharibi mwa Sydney, Wakenya, Wakongo, Warundi na nani na nani, tuna group yetu, na mmoja wetu akifiwa huko kwao hatumwachi alie peke yake. Tiketi ya kwenda kuzika si kila mtu anaipata, na kazini wanakupa siku mbili kana kwamba umeng'olewa jino. Basi tunajaa kwake. Tunaleta viti, chai na wali, tunaimba, tunakaa naye. Na katika kila matanga wa kwanza kufika ni Kyakimwa na wa mwisho kutoka ni Kyakimwa. Babangu alipofariki alikuja kwangu Rooty Hill kwa treni, akalala kwenye sofa siku nne, akaosha hadi masufuria ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau.

Ni mwanamke wa Butembo, Kongo, umri unakaribia hamsini. Mume aliuawa kabla hawajafika kambi ya wakimbizi, mtoto hakujaliwa. Anakaa Lidcombe, chumba kimoja na jiko, karibu na stesheni kiasi kwamba treni ikipita vikombe vinagongana. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao. Duniani alikuwa amebaki na mamake na mdogo wake Faida, wote wako Butembo, na simu ya mamake kila Jumapili baada ya kanisa haikukosa hata siku alizokuwa na homa.

Mzee aliyekuwa akimtunza wakati huo ni Mzee Guo, mtu wa miaka themanini na nane, miguu imekwisha lakini akili inakata. Alizaliwa Xi'an, mji wa Uchina ambako wafalme wao walikaa karne na karne kabla Beijing haijawa mji mkuu. Alitaka kuuona kabla ya kufa. Binti yake, Jenny, hakupata likizo, kwa hivyo akamlipia Kyakimwa tiketi awe msukuma kiti chake cha magurudumu. Siku kumi. Jamani, Kyakimwa alifurahi. Safari zote alizowahi kusafiri maishani zilikuwa za kukimbia; hii ndiyo ya kwanza ya kwenda kutazama tu. Alinunua viatu, akatuonyesha kanisani, tukamtania kwamba atarudi na mume wa huko. Aliondoka Jumatatu.

Jumatano mamake akaanguka. Presha ilimpanda, upande mmoja ukafa, ulimi ukawa mzito, lakini jina la Kyakimwa alilitamka vizuri na akawa analitamka kutwa. Anataka kusikia sauti yake. Faida akapiga WhatsApp, hakuna. Akaandika, alama moja tu ya kijivu. Akampigia Lydie, mwenyekiti wetu, Mkongo mwenzake, naye Lydie akafungua group nyingine bila Kyakimwa ndani, akatuambia sote tumtafute. Tulipiga mpaka vidole vikauma. Tukaanza kusema simu amezima. Kisha tukaanza kusema kwa nini mtu azime simu.

Na sasa nafika kwangu mimi. Ilikuwa Ijumaa, mapumziko ya chai hospitalini ninakofanya kazi ya unesi, nafungua Facebook, huyo hapo. Kyakimwa amesimama juu ya ukuta wa matofali, amevaa joho la kifalme jekundu lenye mikono ya kufagia sakafu, kichwani nywele za bandia na mapambo ya dhahabu, ua limechorwa katikati ya paji la uso, upepeo wa kujipepea mkononi. Anacheka, meno yote nje. Pembeni Mzee Guo kwenye kiti chake, naye anacheka. Picha ilikuwa imewekwa na Jenny Guo, akamtaja Kyakimwa kwa jina, saa mbili zilizopita.

Nilipandwa na hasira ya ajabu. Mimi nina mdomo, sikatai, na hasira yangu haingoji foleni. Nilimwona yule mama wa Butembo kitandani anaita, na huyu hapa amejipaka rangi. Nikaichukua ile picha nikaitupa kwenye ile group ya kumtafuta, nikaandika: "Sisi tunamtafuta usiku na mchana, kumbe mwenzetu yuko Uchina anacheza malkia." Nikarudi kazini, nikapima watu presha.

Nilipotoka saa tisa, ujumbe mia na kitu. Kila mtu alikuwa na lake. Kwamba pesa zimempanda kichwani, kwamba alikuwa anajifanya mpole, kwamba wanaoosha masufuria sana ndio wenye roho mbaya hivyo. Mimi nikatia chumvi mara mbili tatu. Kisha mtu akaituma picha Butembo.

Jumapili mamake akafa. Walimzika Jumanne. Alhamisi Kyakimwa akatua Sydney, akawasha simu uwanja wa ndege, na ujumbe wote ukamwingilia kwa mkupuo, wa siku kumi, kuanzia kuanguka hadi kaburi. Ikiwemo sauti ya mamake mwenyewe, aliyorekodi Faida, ikisema jina lake.

Hakuna aliyekwenda kwake. Lydie alisema aliyecheza malkia mamake akikata roho aomboleze na malkia wenzake, na sisi tukaona ni sawa. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Huku kwetu nyumba ya msiba kukosa watu ni jambo ambalo hatujawahi kumfanyia hata mtu tusiyempenda. Kyakimwa tulimfanyia.

Wiki iliyofuata, nilikuwa nakula na nesi mwenzangu Mchina, nikamsimulia kisa hicho kwa Kiingereza, nikijipa ushindi katikati. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza, bila hata kuacha kutafuna, kama huyo rafiki yangu hakujua kwamba WhatsApp kule haifunguki, na laini za huku hazishiki bila kulipia zaidi. Akasema wageni wengi hawajui, wanafika hotelini wanadhani simu imekufa. Nilifunika chakula changu. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka wakaniita.

Nilimpigia Lydie nikamweleza. Akasema sasa tufanyeje, watu wameshasema, na mtu anawezaje kuwaambia watu hamsini kwamba wamekosea. Nikamwambia ni rahisi, unaandika tu. Hakuandika. Na mimi pia sikuandika.

Jumamosi nilipanda treni nikashuka Lidcombe na wali wangu kwenye sufuria. Alinifungulia mlango mwenyewe. Amekonda. Chumbani mlikuwa na viti vya plastiki, alivyoazima kanisani siku aliyorudi, kama kumi na viwili, vimepangwa ukutani vyote vikitazama katikati. Hakuwa amevirudisha. Alikuwa amepika sombe, kisamvu cha kwao, na maharage siku tatu za kwanza, akaniambia, halafu akaacha, kwa sababu friji ilijaa.

Nilikaa kwenye kimoja cha vile viti. Nikasema pole. Akaitikia asante, akanipikia chai, na kwa kuwa mtu akiwa na msiba lazima aongee na hakuwa ameongea na yeyote, akaanza kunisimulia Xi'an.

Akasema ule ukuta unauzunguka mji wa kale wote na ni mpana kama barabara, watu wanaendesha baiskeli juu yake. Vijana wawili walimbeba Mzee Guo na kiti chake ngazi zote, na alipofika juu mzee akaonyesha kwa kidole upande ilikokuwa nyumba yao, na palikuwa na ghorofa la kioo, akalia. Mtaa wa Waislamu wanakupa bakuli na mkate mgumu, unaumega mwenyewe vipande vidogo vidogo, ndipo wanamwagia supu ya kondoo. Mzee aliukataa mkate alioumega yeye, akamwambia vipande vyake ni vikubwa, aanze upya. Walicheka. Joho alilazimishwa na mzee. Kila msichana mjini alikuwa amevaa hivyo, wanakodisha dukani na kupakwa rangi, na mzee akasema marehemu mke wake hakuwahi kuvaa, kwa hivyo avae yeye, wapigwe picha kwa simu ya mzee yenye laini ya kule, itumwe kwa Jenny. Alivaa ili kumfurahisha mgonjwa.

"Nilikuwa najua ni telefone imeharibika," akaniambia. "Nikasema siku kumi si mingi, nitapigia mama Jumapili nikirudi."

Akaniongeza chai. Kisha akasema siku ya mwisho walikwenda kuona askari wa udongo, wale waliofukiwa kumlinda mfalme kaburini. Wako maelfu, wamesimama mistari, kila mmoja na sura yake. Alisimama pale na kiti cha mzee akawaza kwamba ni watu wengi mno kumsindikiza maiti mmoja. Alipohesabu siku baadaye akagundua kwamba wakati anawaza hivyo mamake alikuwa ameshazikwa bila yeye kungojwa, Faida peke yake kati ya watoto mbele ya kaburi, kwa kuwa wakubwa wa familia walisema mtoto wa kwanza amekataa kuja. Hapo ndipo alipolia. Nami nililia, na machozi yangu yalikuwa ya kweli, sitaki mnifikirie vibaya kuliko inavyostahili.

Alipomaliza akajifuta kwa kitenge, akaniambia jambo moja linalomkosesha usingizi. Ile picha ilifika Butembo Ijumaa. Mtoto wa Faida akamwonyesha bibi yake, akidhani atafurahi kumwona mwanawe. Mama aliitazama kwa muda, akageuza uso ukutani. Tangu hapo hakuita tena jina la Kyakimwa, siku mbili zote alizoishi.

"Jenny angeniambia," akasema. "Jina yake iko juu ya photo. Mtu angemwandikia mustari moja, Jenny angepigia baba yake, na mimi ningeongea na mama. Ijumaa alikuwa angali anaongea." Akanitazama. "Dada, nani aliona hii photo wa kwanza? Niambie tu jina. Sitamufanya kitu."

Treni ilipita, nikaingoja imalize. Nilikuwa nimelibeba jina hilo tangu Rooty Hill. Lilikuwa mdomoni, mdomo huu ambao haujawahi kunikatalia neno.

"Sijui, dada," nikasema. "Watu wa group ni wengi."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akaniamini. Akanishika mkono, akasema kati ya wote ni mimi tu niliyekuja, na kwamba Mungu ameona. Nikala sombe yake. Nikaosha vyombo. Nikamsaidia kurudisha viti kanisani, sita kwa sita, safari mbili.

Sasa ni miezi minne. Mzee Guo alifariki mwezi wa pili baada ya safari, na Kyakimwa amepata kazi kwenye nyumba ya wazee huko Campbelltown, mwendo mrefu wa treni, anaondoka alfajiri. Kwenye group yetu ya siku zote bado yumo lakini haandiki, na akina mama wakifiwa haendi. Ananipigia mimi, kila Jumapili baada ya kanisa.

Juzi alinipigia siku ya kazi, nikashtuka. Kumbe alikuwa anajaza fomu za mwajiri mpya na amefika pale wanapouliza mtu wa kupigiwa simu iwapo utapatwa na jambo. Alisema hana mwingine, je, naona vibaya akiandika jina langu.

Nikamwambia hapana. Nikamtajia namba yangu, tarakimu moja moja, akaiandika, kisha akanisomea ahakikishe hajakosea.