Siku Mugisho Alipogonga Mlingoti

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipiga kelele uwanjani mpaka sauti ikakatika kwa wiki nzima, na maneno ya mwisho yaliyotoka kabla haijakatika ndiyo ninayoyajutia mpaka leo. Nakueleza wewe kwa sababu nilikuona juzi kwenye mechi umesimama juu ya kiti, mishipa ya shingo imekutoka, unamwonyesha mchezaji kidole. Nilijiona mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka Bukavu, nalinda magari ya watu kwenye maegesho ya South Beach, jijini Durban, na kila Jumamosi nilikivua kizibao changu cha kung'aa nikapanda taxi, yale mabasi madogo ya kule, kwenda Bluff kuitazama timu yetu, Nyangumi. Mchezo wenyewe ulikuwa mpira wa Australia. Mwalimu mmoja wa kutoka huko alifika kwenye uwanja wa shule na mfuko wa mipira yenye umbo la yai, akawafundisha vijana wa pale, Wazulu, Wakongo, watoto wa Bluff wa kila rangi. Baadaye yeye akarudi kwao, mpira ukabaki kwetu.

Wengi wanadhani ni raga. Si raga. Uwanja ni mviringo, na kila upande imesimama milingoti minne, haina wavu wala mtambaa wa panya. Ukiupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya ile miwili ya katikati, umepata pointi sita. Ukipita pembeni kidogo, au ukigonga mlingoti, unapewa moja, kama ya kukupa pole. Na mchezaji akiudaka mpira uliopigwa juu kabla haujagusa chini, anaachiwa nafasi apige bila kusumbuliwa. Ukiyajua hayo tu, utaelewa nilivyoteseka.

Maana Nyangumi walikuwa hodari wa kukosa. Fainali ya kwanza tulikuwa nyuma kwa pointi tatu. Nahodha wetu akachomoka na mpira peke yake, mbele hakuna mtu, sisi wote tumeshika vichwa, akainua mguu, na king'ora cha kumaliza mchezo kikalia. Mguu ulikuwa bado haujaugusa mpira. Mpira ukapaa, ukapita katikati kabisa, mzuri ajabu, na refa akatikisa kichwa. Fainali ya pili ilinyesha tangu asubuhi. Mpira ukadunda, ukawapita mabeki wote, ukawa unaelekea mstarini wenyewe. Tulishaanza kukumbatiana. Ukakwama kwenye tope hatua mbili kabla ya mstari, na beki wao akaja akaulalia kama kuku anayeatamia.

Sasa ya tatu. Ilikuwa kati yetu na timu ya Morningside, mtaa wa wenye nazo, na mtu wetu wa kutegemewa mbele alikuwa Mugisho.

Mugisho alikuwa rafiki yangu tangu Bukavu. Tulipofika Durban tulilala chumba kimoja mpaka alipomwoa Furaha. Alikuwa mrefu, mpole, kinyozi kwenye saluni moja kulekule Morningside, na akiruka kudaka mpira ungedhani kuna mtu anamvuta juu kwa kamba. Siku ile aliruka namna hiyo mara sita. Kila aliporuka nami niliruka, na jirani yangu, mzee wa watu, nilimkanyaga mpaka akahama. Tukawa nyuma pointi kumi na moja, tukafunga, ikawa tano. Zikabaki sekunde chache. Mpira mrefu ukatoka upande wetu, wanne wakaruka pamoja, na mikono iliyoonekana juu ya vichwa vyote ilikuwa ya Mugisho. Ameudaka. Yuko mbele ya milingoti, hatua thelathini hivi. Pointi sita, na kombe ni letu kwa tofauti ya moja.

Uwanja ukanyamaza nikasikia upepo. Mugisho akafuta mkono kwenye bukta, akaenda hatua saba, akapiga. Mpira ukaenda vizuri. Nakuapia ulikuwa unaenda vizuri. Halafu ukaanza kukata kulia, kidogo, kidogo tena, ukagonga mlingoti. Ule mlio bado ninao masikioni. Pointi moja. Tumeshindwa kwa nne.

Watu waliinamisha vichwa. Mimi nikaruka uzio, nikamfikia Mugisho amechuchumaa palepale, na mbele ya wachezaji, mbele ya mashabiki, mbele ya Furaha aliyekuwa na mimba ya miezi saba, nikamwambia, "Umewapa mechi. Umewapa mabosi wako wa Morningside."

Aliniangalia tu.

Ningekuambia kwamba nilijuta usiku uleule, lakini ningekuwa nakudanganya. Kufikia Jumatatu maneno yangu yalikuwa yamefika kila mahali. Kwenye foleni ya taxi, saluni, uani kwa kanisa, watu ambao hata uwanjani hawakuwepo walisimulia jinsi Mugisho alivyoonekana akicheka na nahodha wa Morningside. Ni kweli alicheka naye. Alikuwa akimnyoa, ndiyo kazi yake. Nami niliyasikia hayo yote nikakaa kimya. Mbaya zaidi, nilisikia utamu. Kwa mara ya kwanza tangu nifike mji ule, kitu nilichokisema mimi, mlinda magari, kilikuwa kinarudiwa na watu wazima.

Mugisho akarudisha jezi. Furaha akiingia mazoezi ya kwaya, wenzake wanakatiza mazungumzo. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, sikwenda kwao.

Alhamisi moja mchana nikiwa kazini, akaja Mzee Sefu. Huyu ndiye niliyekuwa namkanyaga uwanjani. Babu zake walitoka pwani ya Afrika Mashariki zamani sana wakakaa Bluff, na yeye alizaliwa pale, akafanya kazi bandarini ujana wake. Enzi za ubaguzi watu wake walihamishwa kwenda Chatsworth, lakini kila Jumamosi alirudi Bluff na kiti chake cha kukunja kutazama mpira. Akakaa kwenye ukuta mfupi karibu na magari, akaniita.

"Janvier, siku ile ulikuwa umesimama wapi?"

"Karibu na milingoti, Mzee."

"Ulimwona Mugisho akikosa makusudi?"

"Hapana, Mzee. Nilikuwa na hasira."

"Nani basi aliyeona?"

Gari moja lilikuwa linarudi nyuma vibaya na sikwenda hata kulielekeza.

Akaniambia kwamba Mugisho ameshakata tiketi ya basi. Jumapili anahamia Cape Town na mke wake na mimba yake, kwenda kuanza upya kwa watu wasiomjua. Sikuwa na habari.

"Mimi nilitolewa Bluff, ndodana," alisema, na hilo ni neno la Kizulu alilolitumia kumwita mtu mwanawe. "Walikuja watu na karatasi za serikali. Wewe unamtoa mwenzako hapa kwa mdomo tu. Ulisema mbele ya watu, kafute mbele ya watu. Ukienda kumwomba msamaha chumbani kwake, utakuwa umejitibu wewe peke yako."

Akaondoka bila kuaga. Alikuwa amepanda taxi mbili kuja kuniambia maneno hayo.

Jumamosi ile ilikuwa siku ya chakula cha kufunga msimu. Watu walikuwa wamekusanyika uwanjani, nyama iko motoni, muziki unalia. Niliomba muziki uzimwe. Nikapanda juu ya kreti la soda, na mimi niliyezoea kuongoza nyimbo za watu mia mbili nikakosa pa kuanzia. Mwishowe nikasema kwamba nilidanganya. Kwamba sikuona kitu. Kwamba Mugisho alipiga mpira kwa moyo wake wote ukagonga mlingoti, na mimi nikatafuta mtu wa kumtwisha uchungu wangu nikamtwisha rafiki yangu.

Nyama ikaanza kuungua. Kisha nahodha, yuleyule wa king'ora, akavua kofia.

"Eish, Janvier. Na miye niliirudilia hiyo maneno."

Mama mmoja wa kwaya akasema hata yeye. Mwingine akasema hata yeye. Ikawa hakuna aliyekuwa safi pale ila Mzee Sefu, ambaye alikuwa anakunja kiti chake. Akauliza tunangoja nini.

Tulikwenda watu kumi na saba. Mugisho alikaa kwenye mojawapo ya yale majengo marefu ya South Beach, ghorofa ya tisa, na lifti ilikuwa mbovu. Tukapanda ngazi na nyama yetu imefungwa kwenye karatasi ya foili, tunahema, Mzee Sefu akipumzika kila ghorofa na kukataa kubebwa. Furaha akafungua mlango. Nyuma yake mizigo ilikuwa imeshafungwa kwa kamba.

"Shemeji," akaniambia, "umekuja kuangalia kama tumefunga mizigo vizuri?"

Nilistahili. Nikasema palepale mlangoni yale niliyosema uwanjani, kwa sauti ile ile, na majirani wakafungua milango yao wakasikia. Sikuona aibu tena. Au niliiona, lakini ilikuwa imekwisha kuwa ndogo kuliko hofu yangu ya lile basi la Jumapili.

Mugisho alikuwa amekaa juu ya mfuko mmoja mkubwa, viwiko juu ya magoti.

"Unajua miye naona ile mupira kila siku?" alisema. "Nikifunga macho iko pale. Inaenda, inaenda, inagonga. Nilingoja mutu mumoja tu aniulize iliendaje. Hakuna aliyeniuliza."

Nikamuuliza, "Iliendaje, Mugisho?"

Akanyanyuka. Mwanangu, ungemwona. Akatuonyesha alivyoukamata, vidole vikiwa wapi, jinsi alivyosikia upepo wa bahari shavuni akaulenga mpira kushoto kidogo ili upepo uurudishe katikati, na jinsi upepo ulivyokuwa na nguvu kuliko alivyohesabu. Akapiga tena mpira usiokuwepo, mguu wake mrefu ukaangusha sufuria. Nahodha akasema kama ni hivyo basi na yeye atasimulia cha kwake, na akasimulia king'ora, akikimbia palepale alipo kati ya mizigo. Mtu mwingine akawa mpira wa kwenye tope, akalala sakafuni. Tukawa tunakatana maneno, tunabishana, tunapiga makofi, jirani mmoja akaingia na kiti chake. Furaha akacheka mpaka akashika tumbo, tukaogopa, akasema endeleeni. Tulikalia ile mizigo mpaka ikawa bapa.

Jumapili basi liliondoka na viti viwili vitupu.

Msimu uliofuata tulifika fainali tena, na Morningside walewale. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, dakika ya mwisho, na Mungu ana mambo yake, mpira ukamwangukia Mugisho karibu pale pale. Sikuweza kutazama. Nilimtazama Mzee Sefu akitazama. Nikaona uso wake unafunguka, nikajua umepita katikati. Sita. Tunaongoza kwa mbili. Nililia, niliruka, nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Na sekunde ishirini baadaye Morningside wakapiga mpira mrefu, ukadunda mara mbili, ukapita kati ya milingoti yetu, na king'ora kikalia. Tumeshindwa kwa nne.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakiona kwa timu iliyochukua kombe. Mashabiki waliingia uwanjani na hakuna aliyemtafuta mtu wa kumlaumu. Walimbeba Mugisho. Walimbeba na beki aliyekosa ule mpira wa mwisho, kijana wa watu akilia, hataki kubebwa, wakambeba hivyo hivyo.

Mpaka leo hatujashinda fainali. Kabati la klabu lina vikombe vya chai. Lakini kila mwaka msimu ukiisha tunapanda kwa Mugisho, sasa lifti inafanya kazi baadhi ya siku, na tunazicheza upya zote, kwa miguu na kwa mikono, kila mmoja na uongo wake mdogo. Binti wa Mugisho, aliyekuwa tumboni wakati ule, anazijua zote kwa kichwa na hutusahihisha. Mzee Sefu ametangulia. Sehemu yake naisimulia mimi, wala sifichi kosa langu.

Basi hii ndiyo nasaha yangu. Ipende timu yako mpaka sauti ikauke, hilo sikukatazi, hata mimi bado nakauka. Lakini usiseme umeona kitu ambacho hukukiona. Mtu akikosa, kabla hujamhukumu, muulize iliendaje, na ukae usikilize mpaka mwisho. Na kama umeshamvunjia mtu heshima mbele za watu, usingoje wiki tatu kama mimi. Panda ngazi leo, uiseme kweli kwa sauti ile ile uliyosemea uongo.

Mungu akupe timu ya kukurusha roho, akujalie na kombe ambalo sisi hatukulipata. Na akikunyima kombe, asikunyime watu wa kukaa nao mkacheka mlivyolikosa.